Kisu Kilicholazwa Juu ya Jiwe

Tarehe 17 mwezi wa kwanza, 2002. Siku hiyo tulipoteza nyumba yetu ya mbao ya mtaa wa Mapendo na vyote vilivyokuwa ndani: vitanda, cherehani, nyavu mpya ambazo zilikuwa bado hazijagusa maji. Kesho yake tulipoteza kisu. Kabla mwezi haujaisha nikampoteza bwana yangu. Watu wakinipa pole huanza na nyumba, kwa sababu volkano ndiyo inayojulikana. Mimi huanza na kisu.

Kilikuwa kisu kifupi. Makali yake hayakuzidi urefu wa kiganja changu pamoja na vidole. Bwana yangu alizaliwa Vitshumbi, kwa wavuvi wa ziwa Edward, na alipokuja Goma kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya Kituku, ufuko wa ziwa la hapo, alikuja na mfuko mmoja wa nguo na kisu hicho. Mhunzi wa kwao alikifua kutoka kwenye kipande cha springi ya lori. Chuma hakikuishia kwenye mpini, kilipita katikati ya mti wote hadi mwisho, na misumari ilikishika kutoka ubavu hadi ubavu. Juu ya mti alizungusha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili mkono wenye utelezi wa samaki usiteleze. Mwishoni mwa mpini palikuwa na tundu, na kwenye tundu kamba ya nailoni.

Kamba ile aliipenda kuliko makali. Aliniambia kwamba kwao kiboko akijinasa kwenye wavu, mtumbwi unalala ubavu kabla mtu hajamaliza kuita. Hakuna muda wa kupapasa chini kutafuta kisu. Lazima kiwe kimefungwa kwenye mkono wako au kwenye mtumbwi, na lazima kikate kamba iliyolowa kwa mvuto mmoja. Kinachohitaji mivuto miwili, alisema, ni cha kukatia mkate.

Nilipokuwa bado mgeni katika ndoa, nilinunua sokoni kisu kirefu kinachong'aa, mpini wa plastiki nyekundu. Alikishika, akakipinda kidogo juu ya goti, akanionyesha mahali chuma kilipoishia: ndani ya plastiki, karibu na mwanzo wa mpini.

"Mke wangu, hiki ni cha kupigia picha," akasema.

Hakukitupa. Nilikatia nacho vitunguu mpaka kilipovunjika, na kilivunjika pale pale alipoonyesha.

Alinifundisha mambo mengine nikiwa natengeneza samaki. Usinoe kisu kwenye jiwe la volkano, hata kama mji mzima ni mawe ya volkano. Jiwe hilo lina vitundu na linatafuna makali. Tafuta jiwe laini la ziwani, lilowe, usukume kisu taratibu kama unayetaka kumenya jiwe. Usikitumie kung'olea jiwe wala kufungulia kopo. Ukikata kitu, makali yaende mbali na mwili wako. Ukitaka kupasua mti, usipige na kisu kama shoka: weka makali juu ya mti, gonga mgongo wa kisu kwa kijiti. Mambo madogo. Sikujua kwamba nitayakumbuka kuliko sauti yake.

Jambo moja ni lazima nilieleze hapa, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawalali chini ya paa moja. Kitu hakitoki mkononi mwa mmoja kwenda mkononi mwa mwingine. Kinawekwa chini, mwenzake anakiokota. Hata maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Mjini wengi walikuwa wameanza kuacha, lakini bwana yangu hakuacha. Mama yangu alipokuja kutusalimu Mapendo, yeye alitoka akakaa kwa jirani mpaka mama aondoke. Haikuwa chuki. Kila alipopata samaki mkubwa alikwenda naye hadi Ndosho, mahali mama alipokaa peke yake, akamwacha mlangoni juu ya jani la mgomba, akakohoa ili ajulikane, akaondoka.

Siku lava ilipoingia mjini, majirani wetu wengi walikimbilia Gisenyi, kwa sababu mpaka ulikuwa karibu. Bwana yangu alisema hapana, twende Ndosho, mama ana miguu iliyovimba na hana mtu. Tukaenda kinyume na watu. Mimi nilimbeba mgongoni mtoto wetu wa kike, aliyekuwa na miaka mitano. Yeye alibeba shitingi, ile plastiki ngumu iliyobaki tangu kambi za wakimbizi za 1994, ambayo sisi tulikuwa tunafunikia samaki. Kisu alikiweka kiunoni chini ya shati. Mji wakati ule ulikuwa mikononi mwa waasi, na askari wao barabarani walichukua kila panga waliloliona. Hiyo pia ni sababu ya kuchagua kisu kifupi. Panga linakufanya uonekane mpiganaji. Kisu kifupi kinakufanya uonekane mtu anayekwenda kupika.

Tulimchukua mama, tukaifuata barabara ya Sake pamoja na umati. Mama alitembea mbele nami; bwana yangu alikaa nyuma, umbali wa heshima, hata mahali umati ulipobana. Kulikucha tukiwa kwenye uwanja wa lava ya zamani, ng'ambo ya Mugunga, mama hawezi tena kunyanyua mguu. Nyuma yetu anga lilikuwa jekundu bado. Ardhi ilikuwa inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena. Watu walijitandaza kila mahali, kila familia na jiwe lake.

Bwana yangu akatengeneza kibanda. Shitingi ile ilikuwa ndogo, na hakuitoboa, kwa sababu tundu kwenye shitingi huanza kidogo na kuishia katikati. Aliweka kijiwe kwenye kila pembe, akakikunja ndani ya plastiki kama mtu anayefunga chumvi, akakizungushia kamba shingoni. Pembe ya mwisho, ile iliyokuwa upande wa mama, haikuwa na kamba. Nilimwona anasimama anatazama. Halafu akaifungua kamba ya kisu chake, ile ya nailoni, akafunga nayo.

Kibanda kilituenea mimi, mama na mtoto, tukiwa tumekunja magoti. Bwana yangu alibaki nje.

Mama, ambaye mtoto alimwita koko, yaani bibi, alimwambia mtoto kwa sauti kubwa, ingawa mkwe wake alikuwa amesimama karibu tu, ametazama pembeni: "Mwambie papa yako aingie. Mvua inakuja."

"Papa, koko anasema uingie."

"Mwambie koko, mutu wa ziwa haogopi maji."

"Koko, anasema haogopi maji."

"Mwambie maji ya ziwa iko chini. Hii inatoka juu."

Watu wa jiwe la jirani walicheka. Bwana yangu naye alicheka. "Mwambie koko ameshinda. Lakini siingii."

Nilitoka nikamwambia pembeni akate shitingi katikati, kila upande uwe na nusu. Akasema nusu haitafunika mtu, tukikata wote tunalowa. Alikuwa na mpango wake. Kwenye nyufa za lava ile vilikuwa vimeota vichaka na miti midogo. Angekata fito, angepasua nyingine kuwa nyembamba za kufungia, angeezeka kwa majani. Kwa kisu kile, alisema, kabla ya jioni ana nyumba. Nami niliamini, kwa sababu nilikuwa nimemwona akifanya. Alianza. Alikata fito za kutosha kusimamisha upande mmoja, akazichonga ncha, akazikita kati ya mawe.

Ndipo mama aliposema: "Mwambie papa yako anipe kisu."

"Papa, koko anataka kisu."

"Cha nini?"

"Koko, cha nini?"

"Mwambie mukwe hamuulizi mama mukwe maswali."

Majirani wakacheka tena. Mimi niliona alichotaka. Alikuwa na blanketi moja, la kijivu, zito, la aina ile isiyochanika kwa mikono. Alikuwa amelikunja katikati na kushika mkunjo kwa vidole viwili. Alitaka kulikata, nusu yake, nusu ya mkwe wake.

Bwana yangu alikuja akiwa amegeuza uso. Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Akakumbuka, akaurudisha chini ya blanketi. Bwana yangu alichutama akakilaza kisu juu ya jiwe, mbele ya kibanda, mpini kuelekea kwa mama, makali kuelekea kwake mwenyewe, kama alivyofanya siku zote. Akarudi nyuma. Mama akainama kukiokota.

Ardhi ikatetemeka. Haikuwa tetemeko kubwa, makubwa tulikuwa tumeyapata usiku kucha. Kisu kilizunguka kidogo, kikateleza, kikaingia kwenye ufa uliokuwa pembeni mwa jiwe. Nilisikia chuma kikigonga mara moja. Halafu mara nyingine, chini zaidi. Halafu sikusikia kitu.

Kamba yake ilikuwa kwenye shitingi, juu ya kichwa cha mama.

Bwana yangu alilala kifudifudi akaingiza mkono wote, hadi bega, hadi shavu likakwaruzwa na jiwe. Aliingiza fito. Fito haikugusa kitu. Akasema anahitaji fito yenye ndoano mwishoni, akachukua mti uliogawanyika vizuri, akaugeuza mikononi, kisha akaacha. Kuchonga ndoano kulihitaji kisu.

Jirani mmoja alikuwa na panga, alilokuwa amelificha ndani ya mkeka. Bwana yangu alimwomba. Yule akajibu, "Papa, subiri nimalize yangu." Hakujibu vibaya, alikuwa na watoto wengi. Kabla hajamaliza, askari walipita kati ya watu, wakaliona, wakaondoka nalo.

Mvua ikaanza. Mama alimtuma mtoto ampelekee bwana yangu blanketi zima. Bwana yangu akalirudisha. "Mwambie koko nusu ningechukua. Zima siwezi, yeye atabaki na nini?" Mama akalituma tena. Akalirudisha tena. Mtoto alikwenda na kurudi mvuani, mpaka blanketi likalowa na mtoto pia, nikamshika mguu nikamwingiza ndani. Bwana yangu alikaa chini ya zile fito zake zisizo na paa, amejifunika majani aliyoyachuma kwa mkono. Kifua chake kilikuwa kibaya tangu zamani, kwa sababu ya baridi ya ziwani. Nilimsikia akikohoa, nikawa nahesabu kwamba kila kikohozi ni dalili kuwa yuko hai. Kesho yake mvua ikanyesha tena.

Tuliporudi mjini, tulipewa nafasi katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Alikuwa na homa na alikuwa anatema makohozi mekundu. Akalala kwenye baraza, kwa sababu mama alikuwa ndani. Mama alipojua, alijiburuta nje na miguu yake ile, akakaa kwenye uwanja juani, ili yeye aingie. Bwana yangu akafumbua macho, akaona mama mkwe wake ametolewa nje kwa ajili yake. Akaona aibu. Akajisogeza, kwa viwiko, mpaka ukingoni mwa baraza, mbali zaidi na mlango, ili mama arudi. Nilisimama katikati yao. Nilisema, nawaomba. Nilisema kwa huyu, nikageuka nikasema kwa yule. Hakuna aliyeingia.

Muuguzi alikuja, akasema ni mapafu, akasema dawa hakuna. Bwana yangu alifariki kwenye baraza lile asubuhi, watoto wa watu wakipita wanakwenda kuteka maji.

Mama ndiye aliyemfunika. Alilitandaza lile blanketi la kijivu juu yake, zima, akalibana mabegani kwa mikono yake, akalibana miguuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa. Tulimzika nalo. Mama aliishi miaka mingine, na katika miaka hiyo hakuomba kisu kwa mtu; viazi alivila na maganda.

Tangu hapo nimekimbia mara nyingine, zaidi kwa vita kuliko kwa moto. 2008. 2012. Volkano tena 2021. Kila mara nilikuwa na kisu, na kila mara nilikichagua kama mtu anayechagua daktari. Vilinipotea vyote. Kimoja kilichukuliwa kizuizini, kimoja niliibiwa, kimoja kilivunjika kwa sababu nilidharau nikafungulia kopo.

Baadaye nilihamia Sake, kumfuata binti yangu, yule mtoto wa blanketi, ambaye alikuwa ameolewa huko. Mume wake alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akishusha makaa na kabichi mjini. Kijana mrefu, mpole, na mwenye heshima ya zamani. Akiniona njiani alishuka kwenye chukudu akasimama pembeni, ametazama bonde, mpaka nipite. Niliona hivyo nikasikia baridi.

Milio ya mabunduki ilipoanza kusikika kwenye vilima vya juu, nilikwenda kwa mhunzi. Nilikwenda na kipande cha kamba kilicholowa ndani ya ndoo. Kijana aliyekuwa anapuliza moto alinicheka.

"Mama, kisu cha jikoni unakipima na kamba ya ng'ombe?"

"Si cha jikoni."

"Basi cha nini? Unaingia maquis, msituni kwa wapiganaji?"

"Cha kulala nje."

Hakucheka tena. Mhunzi mwenyewe, muzee wa miaka yangu, akanipangia visu juu ya gunia. Nilivigonga kimoja kimoja kwenye nyundo nikasikiliza. Chuma chenye ufa hakiimbi, kinakohoa. Niliviinua kuelekea mwanga nikatazama kwenye ukingo wa makali. Penye butu panametameta, penye makali hapaonekani kitu. Nilitazama kama chuma kinatokea nyuma ya mpini. Halafu nikaninginiza kamba yangu iliyolowa, bila kuikaza, nikavuta mara moja. Cha tatu kilikata.

"Sasa nitobolee tundu kwenye mpini," nikasema.

"Tundu la nini tena, mama?"

"La kamba."

"Unaogopa kitakimbia?"

"Ndiyo," nikasema. Akatoboa.

Mwezi wa pili, 2024, mabomu yalianguka karibu na nyumba, tukatoka. Binti yangu alikuwa na mtoto mchanga. Mume wake alibeba shitingi na sufuria kwenye chukudu. Alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa kabla hatujatoka, kwa vumbi la makaa, nami nilikuwa nimemwambia binti amwambie aende dispensari, na binti alikuwa amemwambia, naye alikuwa amesema kesho. Kisu kilikuwa kifundoni mwa mkono wangu, ndani ya mkono wa sweta, kamba imefungwa mara mbili. Kwenye vizuizi walipekua chukudu. Mkono wa mwanamke mzee hawakuupekua.

Tulifika kwenye kambi iliyo nje ya Goma, juu ya lava. Nilipokanyaga mawe yale nilijua nilipo bila kuuliza. Safari hii mimi ndiye niliyesimamisha kibanda pamoja na binti. Nilikata fito, nilizipasua kwa kugonga mgongo wa kisu, nilifunga vijiwe kwenye pembe za shitingi. Mume wake alichimbua mawe ya kukandamizia. Kilipokamilika, tuliingia mimi na binti na mtoto mchanga. Yeye akaketi nje, mgongo kwenye gurudumu la chukudu, akajifunika gunia la makaa kichwani.

Jioni mvua ikaja. Nilimsikia akikohoa, nami nikaanza tena kuhesabu.

"Mwambie bwana yako aingie," nikasema.

Binti akasema. Jibu likarudi: "Mwambie mama, niko vizuri. Gunia iko nzito."

"Mwambie gunia iko na matundu."

"Mwambie mama, matundu ni madirisha."

Binti yangu alicheka kidogo, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Yeye alikuwa na miaka mitano wakati ule, lakini alikumbuka blanketi.

Maji yalianza kujaa juu ya shitingi, katikati, pale tulipokosea kukaza. Yakafanya tumbo. Tumbo likashuka mpaka karibu na uso wa mtoto. Binti alilisukuma kwa mikono, maji yakamwagika upande mmoja, yakarudi kujaa. Ilihitajika fito ya kusimama katikati, na mtu mrefu wa kuisimamisha. Fito moja ilikuwa imebaki ndani, nene mno, haijachongwa. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Nikasogea mpaka mlangoni. Nikashika kisu upande wa chuma, mgongo wa kisu kwenye kiganja, nikautoa mkono nje kwenye mvua, mpini kuelekea kwake.

Aliinua gunia akaona. Aligeuza uso haraka.

"Mwambie mama aweke chini," akamwambia mke wake.

"Mwambie bwana yako, chini kuna nyufa."

Akatazama chukudu. Mama mmoja wa kibanda cha mbele alichungulia, akapiga kelele: "Eh, mama! Unamupa mukwe kitu mukononi? Mwisho wa dunia!"

"Mwisho wa dunia umebaki Sake," nikamwambia. "Sisi tumeukimbia."

Wengine walicheka. Mkwe wangu hakucheka. Alikohoa kwa muda mrefu, ameinama, mkono kwenye kifua. Alipomaliza alifuta mdomo.

"Mwambie mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "watu watanisema."

Binti yangu hakuniambia. Alimwambia yeye: "Papa wangu hakusemwa. Pokea."

Alisimama. Alivuta pindo la koti lake lililolowa, akalizungusha kwenye kiganja ili ngozi yake isiguse yangu, akanyoosha mkono bila kutazama, akaushika mpini. Nikaachia. Lakini kamba ilikuwa bado kwenye mkono wangu na fundo lilikuwa limelowa. Alivuta, kamba ikakaza, mkono wangu ukaenda naye.

"Mwambie mama afungue kamba."

"Mwambie fundo limekataa," nikasema. Lingefunguka kama ningetaka. Meno ninayo.

Kwa hiyo ilimbidi aingie mpaka mahali kamba ilipofika, na kamba ilifika ndani tu. Aliingia akiwa amenipa mgongo. Alichonga ncha ya fito ile amepiga magoti, mkono wangu ukienda na kurudi pamoja na mkono wake, binti ameshikilia tumbo la maji juu ya mtoto. Alipoisimamisha fito, maji yote yakamwagika nyuma, na shitingi ikakaa sawa. Akakilaza kisu kwenye paja langu, juu ya nguo. Akataka kutoka.

Binti alikuwa amekaa mlangoni. Hakusogea.

Akabaki amechutama hapo muda mrefu. Mwishowe akalala, kichwa juu ya jiwe upande wa ndani, karibu na mke wake, uso umeelekea nje. Kuanzia kiunoni kwenda chini alijitoa nje kwenye mvua, na hapo nilipomwambia binti amwambie avute miguu ndani, hakuivuta. Nadhani alijifanya amelala. Mvua ilinyesha usiku mzima. Sikulala. Nilikuwa nimeshika kisu kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono mwingine, na sikuthubutu kumtazama, maana mama mkwe hamtazami mkwe wake amelala.

Kulipokucha suruali yake ilikuwa imelowa hadi kwenye mapaja na viatu vimejaa maji. Nilimwambia binti amguse kifuani. Aliingiza mkono chini ya koti, akakipapasa taratibu ili asimwamshe, upande huu, upande ule.

"Pakavu, mama," akasema.